Udongo wa Nyuma ya Jikoni

"Udongo ule iko uchafu tu!" Fiston alifoka. "Kesho namwaga sima, saruji ya kujengea, pale nyuma ya jikoni, nijenge nganda yangu, watu wanywe bia."

"Ukimwaga sima, unizike humo humo," dada yake mkubwa, Orpha, akamjibu.

Mama yao, Émilie, aliyekuwa hoi kitandani wiki ya tatu sasa, aligonga ukuta kwa fimbo. Wote wawili wakaingia chumbani kwake.

"Sikilizeni wanangu, maana pumzi niliyobakiza si ya kushindana na kelele zenu. Wewe Fiston, kichwa kikubwa kama sufuria ya harusi, na ndani hamna hata ukoko! Nilikupa miche ya migomba uipande ng'ambo ya mto, Lubunga, nikakufungia kwenye jani udongo wa chini ya mgomba mzee wa hapo nyuma ya jikoni, kama mama yangu alivyonifungia nilipoolewa. Wewe ukautupa mtoni, ukaosha mizizi kwa maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo, bwana msafi, kana kwamba unaipeleka migomba kanisani. Bon, usafi wako uko wapi leo? Majani yamegeuka njano, mashina yamepasuka. Orpha alipanda na udongo wake, shamba lilelile, mvua ileile, naye anakata mikungu. Bwana agronomu, yule mtaalamu wa kilimo, alitueleza: katika udongo ule mna vijidudu visivyoonekana, vinakaa kwenye mizizi, vinavinyima nafasi vile vya ugonjwa na kuuzoeza mgomba kujikinga. Ulikuwepo, ukapiga miayo! Si kila kinachokaa kwenye uchafu ni adui. Wewe mwenyewe nilikuokota mara ngapi kwenye tope?

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mgongo wako unainamia chupa tu. Basi, nyumba chukua wewe, na viti, na ile redio isiyosema. Kona ya nyuma ya jikoni ni ya Orpha, na sima isiiguse. Orpha... atakayekuja kuomba udongo, usimnyime. Mpe... hata akiwa mpumbavu. Mnizike bila maua ya plastiki. Na Mungu... Mungu awape... mikono michafu."

Akafumba macho, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Orpha alimfunika miguu. Fiston aliinuka, akaokota kofia yake, akaenda hadi mlangoni, akasimama hapo amewapa mgongo.

"Yaya Orpha," alisema, "unikatie jani la kufungia udongo. Likuwe kubwa kidogo."