Mwonjaji wa Magemu: Maisha ya Mwalimu Cecil Bernard Nambunga

Padri, wazee wetu, majirani, na watani wetu mliotoka Newala, Mkunya, Tandahimba na hapa Lulindi, familia inawasomea njia aliyoipita mzee wetu, na Mama Magdalena, mjane wake, ameisikiliza kwanza neno kwa neno, akaagiza lisipambwe lolote wala lisifichwe lolote, kwa kuwa marehemu alikwisha kuficha ya kutosha.

Mwalimu Cecil Bernard Nambunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Lulindi, mtoto wa pili wa mzee Bernard Nambunga, mkulima na mpiga kengele wa kanisa, na mama Somoe, wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1964 hadi 1970, akamaliza sekondari Masasi mwaka 1974, akahitimu ualimu mkoani Mtwara mwaka 1976, na Januari iliyofuata akapangiwa kufundisha Mkunya. Alihamia Tandahimba mwaka 1986, kisha mwaka 1995 akakabidhiwa shule ya msingi mjini Newala kama mwalimu mkuu, akakaa nayo mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2016. Waliosoma kwake wanalikumbuka kabati la chuma lililokuwa ofisini, alimofungia kila simu na kila kigemu cha mkononi alichomnasa nacho mtoto, akisema kitu kinachomfanya mtoto asiisikie kengele si kitu cha kuaminiwa, na likizo ikifika akawarudishia wazazi wenyewe, pamoja na maneno.

Akiwa Mkunya alimwona Yuster Sijaona, binti wa wakulima wa korosho na mihogo, wakafunga ndoa tarehe 6 Septemba 1980 katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto watatu, Magdalena, Bernard na Pendo, na wajukuu saba. Mama Magdalena hasiti kusema kwamba hakuumbwa na moyo wa kuamini upesi, nazi huitikisa sikioni kabla hajainunua, mgeni akisema ameshiba humtazama kwanza mikononi, na ndoa yao ilidumu, kwa maneno ya marehemu, kwa sababu nyumbani palikuwa na mmoja wa kusadiki na mmoja wa kukagua.

Mashaka makubwa yaliingia nyumba ile mwaka 2017. Kila Jumamosi baada ya chai mzee alivaa shati la kanisani, akaaga kwamba anakwenda Masasi kwenye mambo ya wastaafu, jioni akarudi anapiga mluzi, vidole gumba vimevimba, anaomba maji ya moto avikande. Mama Magdalena alilinusa lile shati, hakukuta manukato ya mwanamke, alikuta harufu ya bisi na jasho la watoto, jambo lililomtia shaka zaidi, maana aliona kama mke mdogo yupo, basi ameshazaa. Fakihi, mkata tiketi wa stendi ya Newala na mtani wa ukoo huu, hakumpunguzia mzigo, kila alipomwona alimwambia mwenzake wa Masasi leo kachinja jogoo, yeye aendelee kuchemsha ming'oko, mizizi yake ya porini. Kwa mtani huwezi kujua neno limetoka moyoni au limeishia mdomoni, huwezi kukasirika na huwezi kupuuza, na Mama Magdalena akayabeba maneno yale wiki hadi wiki, akijiuliza kama ndoa yake anaivunja kwa mzaha wa stendi, au anaibiwa huku anacheka.

Jumamosi tarehe 15 Julai 2017 alipanda gari lililofuata lile la mumewe, akafika Masasi, akauliza kwa watu kama wamemwona mzee mrefu mwenye shati jeupe, akaelekezwa nyuma ya stendi kwenye banda la bati lenye pazia mlangoni. Kabla hajaligusa pazia alisikia sauti ya binti ikicheka na kusema, "Babu, umekufa tena." Alilivuta, akamkuta mwalimu mkuu mstaafu amekaa kwenye benchi katikati ya watoto, magoti juu, pedi ya gemu mikononi, gari lake limepinduka kwenye kioo. Hakusimama wala hakujitetea, alisogea tu kumpa nafasi.

"Kaa, Mama Magdalena," alisema. "Happiness amepewa simu yenye magemu, nami sikutaka kuhukumu kitabu nisichokisoma."

Happiness ni mjukuu wake, binti wa Bernard, na Masasi ilichaguliwa kwa sababu Newala kila mtoto alilijua lile kabati. Mama Magdalena alikaa, akapewa pedi, akaligonga gari kwenye ukuta kabla halijatoka mstarini, na watoto wanasema aliitazama ile mashine kama anavyomtazama muuza samaki wa saa kumi jioni.

Kuanzia hapo wakawa wawili. Mwalimu alijiita mwonjaji, akisema chakula cha watoto huonjwa na mtu mzima kwanza, na Januari 2018 redio ya jamii ikawapa nafasi kila Jumapili alasiri, kipindi kikaitwa Kabla Hujampa Mtoto. Yeye alieleza gemu jipya linachezwaje, linafaa umri gani, linakula bando kiasi gani, na kama mama aliyechoka na kazi anaweza kulicheza na mwanawe bila kufundishwa nusu saa, kisha Mama Magdalena akauliza swali lake ambalo wengi wenu mnalijua, mtoto akiitwa kula, linaachika? Gemu moja la kufuga kuku kwenye simu lilisifiwa sana mjini, rangi nzuri, halina matusi wala damu, mwalimu akawa amekwisha kulipitisha, ndipo mkewe akagundua kuwa mtoto asipolifungua usiku, asubuhi anakuta vifaranga vimekufa. Sauti yake iliyosikika siku ile mpaka Tandahimba ilikuwa ya upole kabisa, "Kuku gani huyo anayekufa kwa sababu mtoto kalala?" Lakini gemu la magari la watu wawili, ambalo aliyetangulia hawezi kwenda mbali mpaka mwenzake aliyebaki nyuma amfikie, walilipenda wote, mwalimu akasema laiti angekuwa nalo alipokuwa na darasa la watoto themanini.

Walikuwapo walioshuku kwamba Hamudi, mwenye banda la Masasi, anawalisha wazee hawa ili wamsifie biashara, wakasema mpaka mlangoni pa kanisa. Lilipokuja gemu la kupigana ambalo lilimjazia Hamudi banda kuliko yote, mwalimu alilikataa redioni kwa watoto walio chini ya miaka kumi na mitano, Hamudi akanuna, akakaa siku nyingi bila kumsalimia, kisha akaliondoa mchana na kuwawekea vijana jioni, na hapo minong'ono ikakosa pa kukaa.

Septemba 2023 mzee aliihamishia safari yake Alhamisi, akasema siku hiyo watoto wako shuleni na mashine ziko huru, na Mama Magdalena, ambaye alikwisha kujifunza kwamba safari za Masasi ni za gemu, hakuuliza. Hilo ndilo limemsumbua tangu siku zile, kwamba alishuku pasipo na kitu, na palipokuwa na kitu akalala usingizi. Hata hakutambua kwamba miezi ile mumewe alileta magemu ya simu tu, hakuna hata moja la kwenye mashine za Hamudi.

Aliyemwamsha ni mtani. Alhamisi tarehe 8 Februari 2024 Mama Magdalena alipita stendi ya Newala akienda sokoni, Fakihi akainuka kwenye kiti chake na kumwambia, "Shikamoo, mama." Katika miaka yote Fakihi hakuwa amempa shikamoo, na mtani akikusalimia kwa adabu ujue ameona jambo linalozidi utani. Mama Magdalena hakuitikia marahaba, aliweka kapu chini na kumuuliza mke mwenzake wa Masasi leo amepika nini, akimpa nafasi ya kuurudisha mzaha mahali pake. Fakihi alikata tiketi bila kuinua macho, akampa.

"Leo shuka hospitali, mama," alisema. "Nilimwona mwalimu kwenye foleni nilipompeleka shangazi."

Alimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, simu mkononi, sauti ameizima, anacheza gemu la kupanga matofali ili Jumapili awe na la kusema, kwa sababu saratani ya tezi dume ilikuwa imegunduliwa tangu Septemba ile na hakukosa kipindi hata kimoja. Alipomwona alisogea kumpa nafasi, vilevile kama alivyosogea bandani kwa Hamudi.

"Nilitaka uendelee kuyashuku magemu tu," alimwambia.

Mama Magdalena alikaa, akaichukua simu mikononi mwake, akalizima lile gemu, likazimika bila kulalamika, akasema hilo walipitishe. Toka siku hiyo mwalimu hakusafiri peke yake. Alitibiwa mwaka mzima, akapata nafuu, akarudi redioni mpaka Machi mwaka huu, hali ikabadilika baada ya Pasaka, na Jumanne tarehe 20 Mei 2025, saa mbili asubuhi, alifariki dunia nyumbani kwake Newala, mkewe ameushika mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na waliomruhusu kuchaji simu pale wodini, majirani waliopika na kulala nasi, walimu wenzake wa Mkunya, Tandahimba na Newala, wafanyakazi wa redio, na Hamudi aliyefunga banda lake tangu juzi. Tunamshukuru Fakihi, ambaye asubuhi hii amelizuia jeneza getini na kudai marehemu atoke ajibu kwa nini amekufa tena, tukacheka na kulia kwa pamoja, na Mama Magdalena akamwambia asante kwa kuurudisha utani. Kipindi cha Jumapili kitaendelea, swali litaulizwa na yule yule.

Mjane ameomba neno la mwisho liwe lake. Anasema, Baba Magdalena, mara mbili nimekufuata bila kualikwa, na mara zote mbili ulinipa nafasi kwenye benchi. Safari hii wajukuu bado wananiita, kwa hiyo tangulia, upumzike kwa amani, uniwekee nafasi, na nikichelewa kuja, wewe usinishuku.