Harlan Stiltner wa Mto Tellis, na Saa Aliyosahau Kuitoa

Ndugu, jamaa na majirani wa Sloan Bend, mimi ni Retha, binti pekee wa marehemu. Wasifu huu nimeuandika mara nne. Mara tatu za kwanza ulikuwa mzuri, na wa uongo. Baba aliniachia sharti moja kuhusu siku ya leo, na nitalifikia. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Marehemu Harlan Stiltner alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa Sloan Bend, Tennessee, mtoto wa kwanza wa Estel na Vada Stiltner. Alifuatwa na mdogo wake mmoja tu, Dorsey. Alipokuwa na miaka minne bwawa la Horn Bluff lilikamilika, na mto uliokuwa wa kambare ukawa baridi kama barafu, kwa kuwa maji yatokayo chini ya bwawa hayajui kiangazi. Serikali ikapandikiza trauti, samaki wa maji baridi. Babu alisusa kuwala mpaka anaingia kaburini.

Alisoma shule ya hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 1967. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti, "Harlan ana akili, ila ameiacha mtoni." Hesabu alikuwa akipata vizuri. Hilo nimelitaja makusudi.

Baada ya miaka minne kwenye kiwanda cha mbao, mwaka 1971 alianza kazi ya kuwaongoza wavuvi wageni. Alivua kwa nzi wa bandia wanaoelea juu ya maji, aliowafunga mwenyewe kwa manyoya ya shingo ya jogoo. Kumnasa trauti kwa chambo cha kuzama alikuita wizi. Kila asubuhi alipiga simu bwawani kusikiliza saa ya kuwasha mitambo ya umeme, maana ikishawashwa, mto unaokufika magotini unapanda hadi kifuani na kukuzoa. Sote tunajua kwamba mpaka wa majira ya saa unapita kati yetu na bwawa, na kwamba saa zao zinatangulia zetu kwa saa moja. Wakisema saa kumi, unatoa moja, na saa tisa uwe umeshatoka majini.

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa mama yangu, Oneda Pruitt, wa ng'ambo ya mpaka huo. Ibada ilipangwa saa nane, kwa saa za huko kwao. Bwana harusi alifika saa tisa kasoro dakika kumi kwa saa hizohizo, anatabasamu, akidhani amewahi. Mchungaji alikuwa ameshafunga Biblia. Kaka yake mama, Clell, alikuwa amejibandika mlangoni: "Mchungaji, tulia. Shemeji hajakimbia, anaishi saa ya nyuma tu!" Kisha akamgeukia baba: "Na wewe bwege, jumlisha au toa, lakini fanya mojawapo!" Tangu hapo jikoni kwetu zilitundikwa saa mbili ukutani.

Sasa nafika tarehe 17 Mei 1988. Baba, ba'mdogo Dorsey na mjomba Clell walikuwa mtoni, kwenye kina kifupi chini ya daraja. Mnachokijua ni hiki: wadudu wa manjano walikuwa wakipaa, samaki wanadonoa kila upande, na Dorsey akapaza sauti, "Usitoke bwana, lile dude linakula! Rusha mara moja tu!" Clell akarusha. Maji yakaja. Mjomba alipatikana kesho yake, maili tatu kuteremka mto. Kwa miaka thelathini na minne mama hakulitamka jina la Dorsey. Wapo miongoni mwenu waliomkwepa dukani. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Aprili mwaka huu baba aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alikataa kufia hospitali. Siku moja ya Agosti, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukigusa, aliniita.

"Retha, siku ile bwawa lilisema saa kumi."

"Najua, baba."

"Hujui. Niliwaambia wenzangu tuna mpaka saa kumi. Sikutoa."

"Ulisahau?"

"Nilisikia saa kumi nikafurahi. Samaki walikuwa wanaruka, nami nimeingiwa na uroho. Dorsey alimzuia Clell kwa sababu mimi nilimwambia bado tuna saa nzima."

"Na ba'mdogo alijua?"

"Alijua siku ileile. Tumekaa ukingoni tumelowa, akaniambia, 'Kaka, Clell ni ndugu wa mkeo. Mimi sina mke wala mtoto. Nibebeshe mimi.' Nikambebesha."

Nilimuuliza kwa nini asimwambie mama. Akasema atamwambia, na akamwambia jioni ile. Kisha akanipa sharti: "Na wewe uyasome mbele za watu. Mbele za watu ndipo nilipomwacha Dorsey." Nimeyasoma. Nilimpenda baba yangu na nimemkasirikia vibaya, na vyote viwili nimekuja navyo leo.

Jumatano ya wiki hii nilimsomea mama maneno haya. Maharage yaliungua jikoni, hakwenda kuyaepua. Nikamuuliza kama niyafute. "Soma," akasema. "Ukiruka hata neno moja, nitasimama nisome mwenyewe."

Marehemu alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 3 Septemba 2022, alfajiri, mama akiwa amemshika mkono. Mama hakuwa amemwambia kwamba amemsamehe. Aliushika mkono tu, hakuuachia.

Ameacha mjane, Oneda, binti, ambaye ni mimi, mkwe, Wendell, wajukuu wawili, Tessa na Clell mdogo, na ndugu mmoja wa tumbo moja, Dorsey Stiltner, aliyesimama pale mlangoni, kofia mkononi.

Wabebaji wa jeneza wako watano, nafasi ya sita iko wazi. Si kosa la kuhesabu. Mama amesema jeneza halitoki humu ndani mpaka shemeji yake ashike mpini wa mbele.

Baba apumzike kwa amani. Ba'mdogo, njoo.