Gari Limepanda, Mama Amebaki

Mwalimu wa hesabu alikaa kwenye basi na funguo za gari mkononi, amechoka kama aliyelisukuma. Mzee wa kiti cha pili, fundi mwenye grisi kwenye kucha, hakuweza kuvumilia.

"Gari limekufa, mwanangu?"

"Zima kabisa, mzee. Nililiinua tu: springi ndefu, matairi makubwa. Mashimo ya njia ya shuleni yalikuwa yananimaliza mgongo. Sasa mama yangu hawezi kupanda. Nyonga. Ndiyo maana leo kliniki tunaenda kwa basi."

"Ulipima kimo?"

"Kabla na baada. Limepanda karibu shubiri nzima."

"Nauliza mguu wa mama."

Mwalimu akatazama dirishani. Huyo ndiye anayewasahihisha watoto wa watu.

"Nilimwekea kigoda," akasema. "Akaniuliza kama yeye ni kuku wa kupandishwa kichanjani."

"Lirudishe chini basi."

"Na mgongo wangu, mzee?"

Basi likasimama mbele ya kliniki. Bibi wa kiti cha mbele akashika bomba la mlangoni, akashuka zile ngazi fupi peke yake, polepole, kisha akageuka.

"Mwalimu, shuka! Au na wewe nyonga?"