Rangi ya Mashine ya Ottilia

Benchi letu liko nje ya duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Matiri. Wenyewe walikuwa wawili: Bernadi, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua jenereta ya parokia akairudisha bila kubakiza nati hata moja, na Methodi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Chupa ya kahawa naleta mimi. Mwaka huu, mavuno yakikaribia, tukapata wa tatu, Mzee Kilian. Mkewe, Ottilia, alifariki Februari. Watoto wako Songea na Dar. Mzee akaanza kuifufua mashine yao ya mkono ya kumenyea kahawa. Akaisugua kutu kwa msasa siku nzima, na kila asubuhi akawa anakuja dukani na kipande chake kutafuta rangi ya kufanana nayo.

Siku hiyo alileta kifuniko, kwenye kiroba.

— Tazama hapa, akaniambia. Nimefungua boliti. Chini ya washa yake, kile kibati cha duara, jua halikufika.

Palikuwa na duara dogo la bluu, safi kabisa. Ukingoni, bluu ilipobanduka, palikuwa na kijani.

— Kijani ni ya kiwandani, akasema Injinia. Bluu imetoka wapi?

— Ottilia. Kaka zake kule Lituhi, ziwani, walikuwa wanapaka mtumbwi, rangi ikabaki. Akaja na kopo kwenye basi amelipakata. Mimi narudi kutoka shambani, nakuta mashine bluu! Nilinuna siku tatu.

— Sasa unataka ipi, mzee?

— Ndiyo nawauliza ninyi.

Hapo aliwasha moto. Injinia akaweka kikombe chini.

— Kijani! Chuma kina mazoea yake. Ukikipaka rangi ngeni kinakuwa kizito kuzungusha.

— Acha fiksi, Injinia, akasema Redio. Kijani ile ilikuwa ya vita. Walipaka ili ndege za adui zisiione mashine ikiwa kwenye mibuni.

— Ndege ya vita inatafuta mashine ya kahawa?

— Jeshi bila kahawa si linasinzia? Adui anaingia mnakoroma!

— Basi na bluu nayo nitakwambia, akasema Injinia. Bluu ya ziwani haikai huku milimani. Inajua iko mbali na maji, inapauka kwa huzuni.

— Rangi ina huzuni?

— Muulize mwenye duka.

Mimi nilikuwa nachanganya bluu na tone la nyeusi. Nikapaka kwenye kipande cha bati, nikakiweka karibu na kifuniko. Ilizidi weusi. Nikaongeza nyeupe, nikapaka tena.

— Hiyo hiyo! akasema Redio.

— Bado, nikasema. Rangi mbichi inadanganya. Mzee, itabidi usubiri ikauke.

— Nasubiri, akasema Kilian, akasogea vizuri kwenye benchi kama mtu aliyekaribishwa chakula. Nyumbani hakuna anayeniuliza nimechelewa wapi.

Redio akammiminia kahawa.

Wakati huo akaja mwalimu mgeni wa shule ya msingi, Mektilda, kununua kufuli.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwalimu. Hebu tuamulie, akasema Injinia, akamweleza yote, na vita vya Redio, na huzuni ya bluu.

Mektilda akakigusa kifuniko.

— Na mama mwenyewe alikuwa anapenda rangi gani?

— Alikuwa anapenda..., akaanza Kilian.

Akatazama bluu, akatazama kijani.

— Alikuwa na kitenge..., akasema. Akakisugua kifuniko kwa kidole gumba. Kisha polepole: Miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Sikumuuliza.

— Labda bluu, nikasema. Si ndiyo aliyopaka?

— Ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye kopo.

Nilijaribu kufikiria rangi anayoipenda mke wangu. Sikuipata. Nadhani Injinia naye alikuwa amekwama hapo hapo, maana alitoa simu akampigia mkewe, akaweka spika.

— Mama Steven, eti unapenda rangi gani?

— Umelewa saa hizi za asubuhi?

— Jibu tu.

— Njano. Kwani hujui? Na ukirudi pitia chumvi, na usikae huko mpaka ugali upoe, nimekwambia jana na juzi, wewe mwanamume husikii...

Injinia akanyoosha kidole kukata, aibu imemjaa. Kilian akamshika mkono.

— Mwache, akasema. Mwache aseme.

Sote tukamsikiliza Mama Steven akigomba, mpaka akamaliza mwenyewe na kukata. Kilian akashukuru, akakirudisha kifuniko kwenye kiroba, akashika njia ya nyumbani. Rangi ya kwenye bati ilikuwa bado haijakauka.