Sistimu Ilirudi Saa Ngapi

Pale Misigiri, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, kuna benchi lililoundwa kwa mbao za ubavu wa lori lililopinduka zamani, na hadi leo ukikaa ovyo misumari inakukumbusha. Wanaokaa hapo kila alasiri ni walewale. Kuna mwenye mashine, Raymond, ambaye watu wote wanamwita Bunge kwa sababu hajawahi kukosa la kusema. Kuna Obadia, anayeitwa Injinia, fundi wa redio na pikipiki ambaye hakusomea redio wala pikipiki na anajivunia jambo hilo. Kuna Mathayo, mfugaji wa maneno machache, asiye na jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa. Na kuna mzee Laurian, au Karani, aliyestaafu kazi ya ofisini katika wilaya nyingine, haitajwi hapa watu wasije wakatafutana, akarudi kwao miaka miwili iliyopita na miwani yake na Kiingereza chake. Kahawa inachemshwa na Happiness, binti wa Mathayo, na anayedai amewahi kunywa tamu kuliko hiyo kati ya Singida na Nzega aulizwe vizuri alikuwa anakunywa nini.

Siku hiyo upepo wa Julai ulikuwa unasukuma vumbi na harufu ya mashudu hadi usoni. Mathayo alikunywa kikombe cha kwanza kimyakimya, akakohoa, akasema:

— Jamani, mimi nina swali.

Wote wakamgeukia. Mathayo kuwa na swali ni jambo la kusimamisha mashine.

— Hivi sistimu ni kitu gani?

— Sistimu ipi? akauliza Bunge.

— Ndiyo hiyo nauliza. Jumapili kanisani kwaya imesimama, mwalimu wao anasema tusubiri, sistimu ya muziki imezingua. Jana bwana mifugo kaja kumwangalia yule ng'ombe wangu mwekundu, anasema sistimu yake ya kusaga chakula imevurugika. Maofisini nako ipo, tunaambiwa kila siku. Sasa kitu kimoja kinakaaje kanisani, ofisini, na ndani ya tumbo la ng'ombe?

— Rahisi hiyo, alisema Injinia, akijifuta grisi kwenye suruali. Sistimu ni mtambo. Uko Dodoma, kwenye jumba halina madirisha. Kutoka pale nyaya zinakwenda kila ofisi. Sasa ofisi zote zikivuta kwa pamoja, mtambo unapata moto. Ukipata moto wanauzima, wanaumwagia maji. Hapo ndipo unaambiwa sistimu ipo chini.

— Na ng'ombe je? Naye ana waya wa kutoka Dodoma?

— Ng'ombe sijafika bado.

— Acha kudanganya watu, akadakia Bunge. Sistimu ni huu mkongo, waya wa mtandao uliofukiwa kando ya barabara kuu. Si mliwaona wale vijana wanachimba mtaro? Ndiyo sistimu hiyo. Likipita lori la mzigo wa Rwanda, linaukandamiza. Ndiyo maana wanasema ipo chini, bwana. Ipo chini ya lori!

— Malori yanapita usiku na mchana, alipinga Injinia. Basi isingeamka kabisa.

— Inaamka! Inaamka likishapita. Lakini kuna siku yanafuatana.

— Mimi nimechunguza kitu kimoja, alisema Injinia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya serikali. Jumatatu asubuhi ipo juu. Jumanne juu. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, chali! Jumamosi hupati mtu. Fikirini wenyewe.

— Nifikiri nini? akauliza Bunge.

— Sistimu ni Msabato!

Bunge alicheka hadi kahawa ikampalia, Mathayo naye akatabasamu upande mmoja. Karani alicheka pia, ila kicheko chake kilichelewa kidogo na kiliisha mapema. Aliweka macho kwenye kikombe. Neno hilo alikuwa amelitumia miaka ishirini na kitu, na hakuna aliyewahi kumwomba alieleze.

— Karani, mbona umetulia? Mwenye Kiingereza ni wewe, alisema Bunge. Tuamue.

Angeweza kusema koo linamuuma. Alifikiria hivyo kweli. Lakini Mathayo alikuwa amemgeukia mwili mzima, ameshika kofia yake mapajani namna mtu anavyoishika mbele ya meza ya ofisi, na Karani akashindwa kumnyima.

— Kiswahili chake ni mfumo, alianza. Iangalie mashine ya Bunge. Mbegu inaingia juu. Mota inazungusha mkanda, mkanda unazungusha parafujo, parafujo inakamua, mafuta yanapita kwenye chujio yanaingia pipani, mashudu yanatokea huku. Sasa niambie, ipi hapo ndiyo mashine? Mkanda?

— Hapana. Vyote.

— Vyote, tena kwa mpangilio wake. Vitu vingi vinavyotegemeana ili kazi moja ifanyike. Hiyo ndiyo sistimu. Ng'ombe ana mdomo, koo, matumbo manne, utumbo. Kwaya ina maiki, nyaya, spika. Na ofisi ina kompyuta, mtandao, kumbukumbu zilizotunzwa mbali huko, na watu. Kimoja kikigoma, mwenzake hana kazi.

Mathayo alikaa akiyatafuna hayo. Kisha uso wake ukafunguka kwa namna ambayo wenzake walikuwa hawajaiona siku nyingi.

— Kumbe ni hivyo tu?

— Ni hivyo tu.

— Kumbe hata boma langu ni sistimu. Kisima, zizi, mbwa, na yule mchungaji mvivu.

— Umeelewa kabisa, alisema Karani, na hapo ndipo moyo ulipomuuma vibaya.

Wakati huo akafika mwalimu Faith, dada mgeni aliyepangiwa sekondari ya hapo mwezi uliopita. Alikuwa amepitia kahawa kabla ya kurudi nyumbani. Akawaamkia wazee, shikamooni, wakaitika marahaba wote kwa pamoja, Injinia naye, ingawa umri wake wa kuitikia una utata. Bunge akamwomba athibitishe somo la Karani, na mwalimu alipolisikia akasema mzee amelifundisha vizuri kuliko yeye darasani.

— Basi nipe na sentensi yake, alisema Mathayo. Neno bila sentensi nitalisahau njiani. Ile wanayosema maofisini.

Karani alikohoa. Aliisema taratibu, na Mathayo akairudia kwa sauti mara tatu, ze sistemu izi dauni, kwa bidii ya mtoto wa darasa la tatu. Injinia alitaka kucheka, akaona uso wa Mathayo, akaacha.

— Mzee, Kiingereza hiki cha nini? mwalimu Faith aliuliza kwa upole.

— Nilichelewa kukijua, mwalimu. Kimenigharimu huyu.

Mathayo alinyoosha kidole kwa binti yake, aliyekuwa anapepea mkaa bila kuinua kichwa.

Karani alijua kinachofuata. Aliwahi kukisikia mara moja, masika ya mwaka jana, kwenye benchi hilihili, na usiku wake hakugusa ugali. Tangu hapo alikuwa haachi kuja. Alimletea Happiness sukari kutoka dukani, alimsifia kahawa mbele za watu, akasimamia mwenyewe ukarabati wa kibanda cha binti huyo cha kahawa, akijidanganya kwamba vijambo hivyo vitafika mahali fulani. Havikufika popote, na yeye alilijua hilo.

— Miaka sita imepita, alisema Mathayo. Huyu alifaulu, akataka chuo cha uuguzi. Kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa tu. Alizaliwa kwa wajomba zake, wilaya nyingine, kwa hiyo cheti tukakifuate huko. Tumefika Ijumaa, saa saba na nusu mchana. Dirisha limefungwa. Tuko watu kama saba nje. Akatoka mlinzi mmoja amevaa sweta jekundu, akatuambia sistimu ipo chini, mje Jumatatu. Watu wote wakainuka. Mimi nikainuka pia, nikasema ahsante. Na maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa kesho yake, Jumamosi.

— Na Jumatatu? mwalimu aliuliza.

— Jumatatu nilirudi peke yangu. Kijana mmoja akanipa cheti kwa dakika kumi, kizuri kabisa, kipo nyumbani mpaka leo. Mwaka uliofuata mama yao akaanza kuugua. Huyu akamuuguza hadi akatutoka. Amekuwa muuguzi wa mtu mmoja.

Happiness aliendelea kupepea mkaa.

— Pole sana, mzee.

— Kosa ni langu. Nilisikia neno la Kiingereza nikaona aibu. Ningejua maana yake ningeuliza kilicho nyuma yake. Ningesema, kimegoma kipi, tusubiri hapa au twende wapi? Nimekaa na jambo hilo miaka sita. Ndiyo maana nataka kulijua hili neno kabla sijafa.

Mwalimu Faith alifikiri kidogo. Ni mtu wa kutaka kujua mambo hadi mwisho wake, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

— Lakini mara nyingi huwa inarudi, alisema. Pale shuleni ikikatika saa saba, saa tisa unaiona imerudi. Siku hiyo sistimu ilirudi saa ngapi?

Mathayo aligeuka kwenye benchi. Akamtazama Injinia. Injinia, mwenye mtambo wake Dodoma, akatazama viatu vyake. Bunge aliinua mkono kana kwamba ataanza hoja, kisha mkono ukashuka wenyewe.

— Sijui, alisema Mathayo. Hilo hakuna ajuaye.

Yuko mmoja aliyejua. Karani aliona kwamba akinyamaza sasa atanyamaza mpaka kaburini, na huyu mwenzake ataendelea kuumizwa na neno ambalo halikuwa na kosa lolote. Alivua miwani. Bila miwani sura zao zilififia, na hilo lilimsaidia.

— Haikurudi, alisema.

— Haikurudi siku hiyo?

— Haikuwa imeondoka, Mathayo. Ilikuwa inafanya kazi. Kompyuta ilikuwa inawaka mbele yangu.

— Mbele yako?

— Kwenye ile ofisi nilikuwa mimi. Yule wa sweta jekundu anaitwa Christopher. Mimi ndiye niliyemtuma awaambie.

Upepo ulipita ukaangusha kikapu tupu cha Bunge, na hakuna aliyekiinua. Mathayo alikuwa bado ameshika kofia.

— Kwa nini? aliuliza.

Karani alikuwa amejiandalia jibu la swali hili tangu masika. Kulikuwa na habari ya uchovu, na uhaba wa watumishi, na mkuu kuwa safarini. Yote hayo yalikuwa ya kweli kiasi. Yalipofika mdomoni akayaona yalivyo, akayaacha.

— Nyama, alisema. Wenzangu walikuwa wamechinja mbuzi. Mkuu alikuwa amesafiri. Niliona nikifungua dirisha nitachelewa.

— Mbuzi?

— Mbuzi.

— Na hata kama ningeuliza?

— Hata ungeuliza kwa Kiingereza cha Ulaya. Usingejibiwa kitu kingine. Halikuwa kosa lako, ndugu yangu. Nilikuona unajilaumu mwaka mzima, na nikanyamaza. Nisamehe.

Mathayo alivaa kofia. Aliinuka polepole, mkono mmoja gotini, akasimama kwanza akitazama upande wa barabara, halafu akasema kwamba ng'ombe mwekundu anahitaji dawa saa hizi. Akaondoka. Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe. Mgongo wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo mmoja na kubebeshwa mwingine papo hapo.

Happiness alinyanyua birika. Akammiminia mwalimu Faith, akammiminia Injinia, akammiminia Bunge hadi juu. Hakuwa na haraka. Karani, kwa mazoea tu na kwa kuwa hakujua mikono yake aipeleke wapi, akanyoosha kikombe chake.

— Kahawa imekwisha, mzee, alisema Happiness.

Birika lilikuwa zito mkononi mwake, na mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye mdomo wa birika. Wote waliuona. Akalirudisha juu ya mkaa, na ndani yake kahawa ikasikika ikicheza.

— Ahsante, mwanangu, alisema Karani. Akaweka kikombe chini, akainuka, akaenda nyumbani.