Mzee Protasi Mashimba, Aliyepiga Yowe kwa Ajili ya Akina Mama

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Kwimba, mkoani Mwanza. Alisoma hadi darasa la nne, kisha ng'ombe wa babu wakamtoa shuleni. Alipenda kusema kwamba ng'ombe hao ndio waliomfundisha yaliyobaki.

Mwaka 1978 alimwoa mama yetu, Limi, na mwaka 1984 wakahamia Nyamigogo, wilayani Biharamulo, kutafuta malisho. Septemba 1993 mama alijifungulia nyumbani, damu ikawa haikatiki. Baba alikuwa mnadani, na hakuna aliyethubutu kumpeleka hospitali bila ruhusa ya mwenye mji. Aliporudi alikuta kilio. Mama na kichanga chake walizikwa siku moja, na baba alilia mbele za watu.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na Koleta Niyomugabo, Mhangaza wa Ngara, aliyetulea bila ubaguzi. Mama Koleta alipopata mimba, baba alimsindikiza kliniki mwenyewe, na mwezi wa tisa akampangishia chumba karibu na hospitali, Biharamulo mjini. Wanaume wakamcheka: "Mashimba ameolewa na Mhangaza!" Akawajibu, "Nimeolewa, lakini mke ninaye."

Mwaka 2008 alichaguliwa kuwa mtemi, yaani mkuu, wa sungusungu, ulinzi wa kijiji ambao yowe likipigwa kila mwanamume hutoka au hulipa faini. Katika kikao cha kwanza alisimama akasema, "Ng'ombe akiibwa hatumngoji mwenye ng'ombe. Mbona mama akivuja damu tunamngoja mwenye mke?" Mzee mmoja akang'aka, "Mtemi, yowe la ng'ombe lipigwe kwa mwanamke?" Baba akasema, "Ndiyo. Na asiyetoka, faini ni ile ile."

Haukupita mwaka, jirani yetu Kezia akajifungua ghafla nyumbani, kondo la nyuma likakwama na damu ikamwagika. Mumewe, Anold, alikuwa safarini. Baba akapiga yowe mchana kweupe. Wanaume wakaja mbio na marungu: "Mwizi yuko wapi?"

"Yuko ndani, anamwibia Anold mke. Leteni pikipiki!"

Kezia alipakiwa, kichanga kikafungwa kifuani kwa shangazi yake kisipate baridi, na vijana wakafuata hospitali kutoa damu. Anold aliporudi alimkuta mkewe hai, na binti ananyonya. Wakamwita Wema. Tangu siku hiyo kitongoji chetu hakijazika mama kwa sababu ya uzazi, na leo tunalitamka hilo kwa kifua mbele, maana mcheka kilema hafi bila kumfika, na waliomcheka baba wote wamewahi kuitikia yowe lake.

Kuanzia mwaka 2023 alisumbuliwa na figo. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, akiwa ameshikwa mkono na mama Koleta.

Ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wanane, wote waliozaliwa salama. Ameacha pia agizo, nasi tunalisoma kama alivyolisema: "Yowe likilia wakati mnanizika, tupeni majembe mwende. Mimi sina haraka tena."

Mungu ampe pumziko lenye amani.