Sindano na Mukimo

Tangu gari litoke Timau, Gatwiri hakuwa ameondoa mkono tumboni, na Hezekiah, dereva wa matatu hiyo, hakuwa ameondoa sikio kiti cha nyuma.

"Watanidunga hapa, watoe maji ya mtoto wapeleke kupimwa," Gatwiri alimwambia mama aliyeketi kando yake. "Wanasema sindano yenyewe ni ndefu!"

"Si mimi nilidungwa mwaka jana!" alisema yule mama, Khadra, muuza nguo wa Maua. "Walinitia ganzi kwanza. Halafu nesi akaniambia eti anjera yetu Wasomali ni chapati imeshindwa kuiva. Wacha nimfokee! Tumbo nimelituliza, mdomo tu ndio unafanya kazi. Kumaliza kumfokea, sindano ishatoka kitambo."

"Mimi siwezi, mama. Mimi ni mtu mpole."

Hezekiah alimwamini. Hata sauti ilikuwa ya kuomba msamaha.

Khadra aliutazama mkono wake pale tumboni. "Lakini mukimo wenu nao, si ni viazi tu vya mtu hana meno?"

"Viazi? Viazi!" Gatwiri aligeuka mzima mzima. "Na ndizi je? Mmeru gani anaponda mukimo bila ndizi?"

"Ndizi mbichi ni za mbuzi."

Hezekiah, Mmeru mzaliwa wa Kinoru, nusura asimamishe gari ajibu mwenyewe. Alilisimamisha langoni mwa hospitali. Gatwiri alishuka, akaenda, akarudi dirishani. Ule mkono wa tumboni sasa ulikuwa unamnyooshea Khadra kidole.

"Usiende popote, mama! Nikitoka huko tunamalizia hii maneno!"